Kambare wa Tanganyika asomwa ughaibuni, nyumbani abaki gogogo tu

KATIKA mwalo wa Kibirizi, Kigoma, si kila kiumbe kinachotoka majini hupokewa kwa furaha. Dagaa huanikwa, migebuka hukimbizwa sokoni, lakini samaki mdogo mwenye ndevu na madoa meusi mwili mzima hushikwa kwa tahadhari. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili kwenye mapezi ya kifuani. Yeyote aliyewahi kuchomwa nayo anajua kuwa maumivu yake si ya jeraha la kawaida.

Huyo ni kambare wa jenasi ya Synodontis. Katika sehemu nyingi za Tanzania samaki wa jamii hiyo huitwa gogogo. Anapotolewa majini husugua mfupa wa mwiba wake ndani ya kiungo cha bega na kutoa mlio wa kukwaruza, kana kwamba analalamika. Kwa mvuvi ni kitoweo cha nyumbani, si mali ya kupimwa kwenye mizani.

Nje ya Afrika hali ni nyingine kabisa. Samaki huyo huyo, akiogelea ndani ya tangi la kioo sebuleni mwa mtu Ujerumani, Marekani au Japani, ni samaki wa mapambo anayetafutwa. Huandikiwa vitabu, huundiwa vyama vya wapenzi wa kambare, na kwa miongo minne sasa amekuwa pia somo la wanasayansi wanaotaka kujua jinsi viumbe vinavyobadilika kizazi hadi kizazi. Baadhi ya waliojenga majina yao kwa kumsoma yeye na jamaa zake walikuwa bado wanafunzi.

Mfano wa karibu ni wa Mmarekani Jeremy Wright. Mwaka 2006, akishirikiana na Lawrence Page wa Makumbusho ya Historia Asilia ya Florida, alichapisha mapitio ya kambare wote wa jenasi hiyo waliomo Ziwa Tanganyika. Mapitio hayo yaliitambulisha dunia kwa spishi tatu mpya zilizokuwa zikivuliwa, zikiliwa na hata kuuzwa nje ya nchi siku zote bila mtu kujua kuwa ni spishi za pekee. Zilipewa majina ya Synodontis grandiops, Synodontis ilebrevis na Synodontis lucipinnis.

Miaka mitatu baadaye, akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, Wright alitoa matokeo yaliyowashangaza hata wataalamu wakongwe. Kwa kuchunguza tezi zilizo kwenye miiba na kuzilinganisha na mti wa ukoo wa kambare duniani, alikadiria kuwa spishi zisizopungua 1,250, na pengine zaidi ya 1,600, zina sumu. Kabla ya hapo hakuna aliyedhani kuwa idadi hiyo inaweza kuwa kubwa kiasi hicho. Wavuvi wa Kigoma, Kalemie na Mpulungu wangeweza kumweleza mengi kuhusu maumivu ya miiba hiyo. Ila kuyajua maumivu ni jambo moja, na kuyahesabu katika ukoo mzima wa samaki ni jambo jingine.

Kisha ukaja mwaka 2011, ambao katika historia ya utafiti wa kambare wa mapambo hauna budi kutajwa kwa namna yake. Ndani ya miezi michache, vijana wawili wasiofanya kazi pamoja, mmoja akiangalia Afrika na mwingine Amerika ya Kusini, walichapisha majibu ya swali linalofanana.

Swali lenyewe lina zaidi ya miaka 130. Mwanasayansi wa Kijerumani Fritz Müller, aliyehamia Brazili, aligundua katika miaka ya 1870 kuwa vipepeo wa spishi tofauti ambao wote hawaliki huweza kuvaa rangi zinazofanana. Faida yake ni ya pamoja. Ndege akishamwonja mmoja na kumtema, hatawagusa wengine wote wenye sare hiyo, na gharama ya kumfundisha adui inagawanywa kwa wengi.

Je, samaki nao hufanya hivyo? Wright aliwatazama kambare wa Tanganyika, ambao wengi wao wana madoa meusi na mapezi meusi yenye pindo nyeupe, akaonyesha kuwa nao wana sare ya namna hiyo na sumu ya kuilinda. Lakini kufanana kwao, kwa mujibu wa matokeo yake, kunaelekea kuwa ni urithi. Mhenga wao alikuwa na sare hiyo, na wajukuu wakaitunza hata walipogawanyika kuwa spishi mbalimbali, kwa kuwa aliyeivua alijiweka hatarini.

Mwenzake, Markos Alexandrou, alikuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Bangor huko Wales. Yeye aliwachagua Corydoras, kambare wadogo wenye magamba magumu mithili ya deraya, ambao pengine ndio kambare wanaofugwa zaidi katika matangi ya vioo duniani. Utafiti wake na wenzake, ulioongozwa na Martin Taylor, ulichapishwa Januari 2011 katika jarida la Nature. Kwa mwanafunzi wa sayansi, makala katika jarida hilo ni tuzo inayozidi kikombe chochote.

Walichokikuta katika mito ya Amerika ya Kusini kilikuwa kinyume cha hali ya Tanganyika. Katika kijito kimoja waliweza kupatikana Corydoras wa spishi mbili au tatu wanaoogelea kundi moja, wenye rangi na madoa yasiyotofautika kwa macho. Vinasaba vilipopimwa vilionyesha kuwa samaki hao si ndugu wa karibu hata kidogo. Walitoka matawi ya mbali ya ukoo, kila mmoja kwa njia yake, wakakutana kwenye sare moja.

Utafiti haukuishia hapo. Kwa kupima aina za kaboni na naitrojeni zilizomo katika miili ya samaki, jambo linalofichua kile mnyama anachokula, kundi hilo lilibaini kuwa wanaoishi pamoja kwa sare moja kwa kawaida hawagombanii chakula. Mmoja ana pua ndefu ya kuchimbua mchanga, mwingine ana pua fupi ya kuokota juu juu. Wangekuwa na pua moja na sahani moja wasingeweza kukaa pamoja, hata kama sare inawakinga wote. Ushirikiano katika ulinzi, kwa lugha nyepesi, una mipaka yake mezani.

Jambo la kutazama hapa ni nguvu ya chombo kilichotumika. Kwa miaka zaidi ya mia moja samaki hawa walitenganishwa kwa kuhesabu miiba, kupima pua na kutazama madoa. George Boulenger, aliyefanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London, alimpa kambare mwenye madoa mengi wa Tanganyika jina la multipunctatus mwaka 1898 kwa njia hiyo. Kazi yake ni ya kuheshimika. Lakini rangi hudanganya, hasa pale ambapo kudanganya ndiyo kazi yake.

Vinasaba navyo hueleza ukoo bila kujali sare. Kanuni yake si ngumu kueleweka. Mtafiti hukata kipande cha pezi kinacholingana na ukucha wa mtoto, hukihifadhi katika spiriti kali, na maabara hutenga vinasaba vilivyomo, hunakili sehemu inayotakiwa mara mamilioni, kisha husoma mpangilio wake. Mipangilio ya samaki wengi ikilinganishwa, anayetofautiana kidogo ni ndugu wa karibu na anayetofautiana sana ni wa mbali. Samaki hurudishwa majini akiwa hai na pezi lake huota tena.

Kwa njia hiyo ilithibitika mwaka 2006 kuwa kambare wa Synodontis wanaopatikana Tanganyika peke yake, takriban spishi kumi, wametokana na asili moja na kuzaana ndani ya ziwa hilo. Hilo si jambo dogo. Ziwa Tanganyika linajulikana duniani kwa samaki wa jamii ya sato na perege, ambao huko wamegawanyika na kuwa spishi zinazokaribia 250. Kuwa kambare nao walifanya mgawanyiko wao, ingawa kwa idadi ndogo, kulionyesha kuwa ziwa lenyewe, kwa kina chake cha mita 1,470 na umri wake wa mamilioni ya miaka, ni kiwanda cha viumbe vipya.

Na miongoni mwa waliozalishwa na kiwanda hicho yumo mmoja ambaye tabia zake zinafaa hadithi ya bibi jioni. Ni huyo huyo mwenye madoa mengi. Mjapani Tetsu Sato aliripoti katika jarida la Nature mwaka 1986 kuwa kambare huyo hulelewa na samaki wengine kwa hila, kama afanyavyo ndege kekeo anayetaga katika viota vya wenzake.

Wengi wa jamaa za sato waishio Tanganyika huatamia mayai mdomoni. Jike hutaga, hugeuka na kuyakusanya mara moja. Katika sekunde hizo chache kambare huvamia, hula baadhi ya mayai hayo na kuangusha ya kwake. Jike, kwa haraka ya kuokoa kizazi chake, huyazoa yote. Mayai ya kambare huanguliwa mapema, na vifaranga vyake, vikiwa ndani ya mdomo wa mlezi, huwala watoto wa mlezi huyo mmoja baada ya mwingine. Mama huendelea kulinda mdomo wake akidhani analea.

Haijulikani samaki mwingine yeyote ambaye hawezi kuzaa ila kwa kulelewa na spishi nyingine kwa mtindo huo. Ndiyo sababu watafiti wa Chuo cha Sayansi cha Jamhuri ya Cheki, katika mji wa Brno, wamemfanya kuwa mkazi wa kudumu wa maabara yao. Mwaka 2018 walichapisha matokeo yanayoonyesha kuwa samaki wa Tanganyika, waliozoea kuishi naye, wamejifunza kuyatema mayai ya mgeni kuliko samaki wa maji mengine ya Afrika ambao wahenga wao hawakuwahi kumwona. Hao wa mbali walidanganywa kirahisi.

Hadi hapa habari ni ya kupendeza. Ugumu unaanza mtu anapouliza kazi hiyo yote inafanyika wapi, na nani anabaki na nini.

Orodha ya majina yaliyotajwa inatosha kuwa jibu la swali la kwanza. Florida, Michigan, Bangor, Kyoto, London, Brno. Hata majina ya samaki wenyewe yana historia hiyo ndani yake. Synodontis polli ni kumbukumbu ya Max Poll, mtaalamu wa Kibelgiji aliyelichunguza ziwa hilo katika miaka ya 1940. Synodontis irsacae ametokana na herufi za kwanza za taasisi ya utafiti ya enzi za Wabelgiji, iliyokuwa na kituo Uvira, mashariki mwa Kongo. Hakuna kambare wa jamii hiyo aliyepewa jina la mvuvi aliyemtoa majini.

Hayo ya majina mtu anaweza kuyapuuza. Ya biashara hayapuuziki.

Samaki wa mapambo walianza kusafirishwa kwa wingi kutoka Bujumbura katika miaka ya 1970, na baadaye Kigoma na Mpulungu zikawa vituo vya biashara hiyo. Kwa miaka mingi mtu wa Ulaya aliyemtaka kambare wa Tanganyika hakuwa na njia ila kumnunua aliyetoka ziwani. Mzamiaji alilipwa, mwenye mashua alilipwa, na msafirishaji alilipa ada za serikali.

Leo sehemu kubwa ya kambare hao wanaouzwa madukani Ulaya na Marekani hawajawahi kuliona ziwa. Wamezalishwa katika matangi na mabwawa ya Ulaya ya Mashariki, Asia na Marekani. Kwa huyo mwenye tabia ya kekeo, mfugaji hahitaji hata walezi wa Tanganyika. Humweka pamoja na samaki wa Ziwa Nyasa au Victoria, ambao, kama watafiti wa Brno walivyobaini, hawajui kujikinga. Ugunduzi wa kisayansi na hila ya mfugaji ni kitu kile kile kikitazamwa kutoka pande mbili.

Hapo ndipo jenetiki inapoacha kuwa elimu ya vyuoni na kuwa suala la soko. Kwa miaka mingi maduka yaliuza kambare mdogo mwenye madoa kwa jina la Synodontis petricola. Mapitio ya mwaka 2006 yalipotoka, ilidhihirika kuwa wengi wa waliouzwa kwa jina hilo walikuwa lucipinnis, spishi nyingine kabisa. Kibaya zaidi, baadhi ya wafugaji wamekuwa wakichanganya spishi kwa kutumia homoni na kuuza machotara kwa majina ya samaki halisi. Mnunuzi hana namna ya kujua. Anachokiona ni madoa.

Wapenzi wa Corydoras nao wamepata usumbufu wa aina yake. Uchambuzi mpana wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 uliligawa kundi hilo katika jenasi saba, na samaki ambao vizazi vitatu vya wafugaji viliwajua kwa jina moja wakaamka na majina mapya. Kabla ya hapo, mwaka 2018, kundi la watafiti lenye Alexandrou na Taylor ndani yake lilikuwa limeonyesha kuwa baadhi ya spishi zimewahi kurudufu vinasaba vyao vyote, kiasi kwamba samaki wawili wanaofanana kwa umbo huweza kutofautiana mara kadhaa kwa wingi wa vinasaba. Kuwazalisha pamoja bila kujua hilo ni kubahatisha.

Ni haki kukiri pia kuwa wafugaji wa majumbani si maadui wa elimu hii. Jarida la Kijerumani la DATZ lilianza mwaka 1988 kuwapa kambare wasio na majina namba za utambulisho, na wasomaji wake wakawa wanatambua samaki ambao wanasayansi hawajawafikia. Vyama vya wapenzi wa kambare vimekuwa vikitoa vipande vya mapezi na kumbukumbu za mahali samaki walikovuliwa. Mwanafunzi asiye na fedha za kusafiri hadi Brazili amekuwa na pa kuanzia.

Swali la pili, la nani anabaki na nini, limeshughulikiwa na sheria za kimataifa kwa mwendo wa kinyonga. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Oktoba 12, 2014, inaitaka nchi inayochukua rasilimali za kijenetiki kupata ridhaa ya nchi yenye rasilimali hizo na kukubaliana nayo namna ya kugawana manufaa. Lakini kwa tafsiri ya wengi, itifaki hiyo haiangalii nyuma. Samaki waliokusanywa tangu siku za Boulenger, ambao wako katika chupa za makumbusho za London, Tervuren na kwingineko, hawamo.

Upo pia mwanya mkubwa zaidi. Mpangilio wa vinasaba ukishasomwa, huwekwa katika hazina za taarifa zilizo wazi kwenye intaneti, na mtu yeyote aweza kuuchukua bila kugusa pezi wala kuomba kibali. Uwazi huo ni mzuri kwa sayansi; mwanafunzi wa Dar es Salaam au Lubumbashi naye anaufaidi, mradi ana kompyuta na umeme. Hata hivyo unalifanya sharti la ridhaa kuwa mlango uliofungwa huku ukuta ukiwa umebomoka.

Nchi za Kusini zimelalamikia mwanya huo kwa muda mrefu. Mkutano wa Montreal wa Desemba 2022 ulikubali kuanzisha utaratibu wa pamoja wa kugawana manufaa ya taarifa hizo, na mkutano wa Cali, Kolombia, mwaka 2024 ukaunda mfuko uliozinduliwa jijini Roma Februari 2025. Makampuni makubwa yanayotumia taarifa za vinasaba, kama ya dawa, vipodozi na mbegu, yanatarajiwa kuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu ya fedha ielekezwe kwa watu wa asili na jamii za wenyeji.

Neno "yanatarajiwa" ndilo la kuangaliwa. Mchango ni wa hiari hadi nchi itakapotunga sheria ya kuulazimisha. Na wafugaji wa samaki wa mapambo hawatajwi kwa jina katika hesabu hiyo. Mfugaji, kwa kweli, hahitaji mpangilio wa vinasaba ili apate faida. Anahitaji samaki dume na jike, ambao tayari anao.

Kwa hiyo anayetegemea mfuko wa Cali uje kuwanufaisha wavuvi wa Kibirizi kwa ajili ya kambare huenda akasubiri sana. Manufaa yanayoweza kupatikana kwa haraka ni ya aina nyingine, nayo ni elimu.

Hapa kuna historia ya kutia moyo na ya kusikitisha kwa pamoja. Kuanzia mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Arizona kiliendesha mjini Kigoma, kwa miaka kadhaa, programu iliyojulikana kama Nyanza Project. Wanafunzi wa Marekani na wa nchi za Afrika walikaa pamoja kando ya ziwa kwa wiki kadhaa, kila mmoja akifanya utafiti wake mdogo. Wapo waliotoka hapo wakawa wataalamu. Programu hiyo iliendeshwa kwa ruzuku ya Marekani, na ruzuku ilipokwisha, nayo ikaisha.

Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, ina kituo chake hapo hapo Kigoma. Burundi, Kongo na Zambia nazo zina vituo vyao. Lakini mzigo wa vituo hivyo ni samaki wa kilo: dagaa, migebuka na sangara. Hilo linaeleweka, maana mamilioni ya watu wanakula kutoka humo. Tanzania ilipofunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, lengo lilikuwa kuwapa samaki hao nafasi ya kuzaana. Gogogo hakuwa sehemu ya mjadala.

Tatizo ni kwamba samaki asiyepimwa kwa kilo huwa hapimwi kabisa. Mkataba wa nchi nne wa kulihifadhi ziwa ulitiwa saini Dar es Salaam Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura ilianza kazi miaka mitano baadaye. Mkataba unazungumzia uhai anuwai wa ziwa zima. Kuulinda uhai anuwai usiojulikana hesabu yake ni kazi ngumu, na hesabu hiyo sasa inafanyika kwa vinasaba.

Wapo watakaosema kuwa jenetiki ni anasa kwa nchi ambazo shule zake hazina madawati ya kutosha. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani kuliko sasa. Mwaka 2019 kundi la watafiti lililomjumuisha Mtanzania Joseph Ndunguru lilichapisha taarifa ya jinsi lilivyosoma vinasaba vya virusi vya mihogo mashambani kwa wakulima, Tanzania, Kenya na Uganda, kwa kifaa kinachoenea kiganjani na kuunganishwa na kompyuta. Majibu yalipatikana kwa saa chache, chini ya mti. Kama inawezekana kwa muhogo, kambare hana sababu ya kukataa.

Wala vijana wenye hamu si haba. Kwa miaka kadhaa maonyesho ya Young Scientists Tanzania yamekuwa yakiwakutanisha wanafunzi wa sekondari kutoka mikoani wakiwa na tafiti zao, na washindi hupewa tuzo na ufadhili wa masomo. Tafiti nyingi huhusu matatizo ya nyumbani kwao, maji, mazao, magonjwa. Mwanafunzi wa Ujiji anayetaka kujua kwa nini gogogo wawili wanaofanana wana pua tofauti anaweza kuanza na rula na daftari, lakini bila maabara atakwama pale pale alipokwama Boulenger mwaka 1898.

Nguvu moja bado iko mikononi mwa nchi za ziwa, nayo haitajwi sana. Samaki waliozalishwa kwenye matangi kwa vizazi vingi, wengine wakiwa wamechanganywa, hawafai kwa utafiti wa ukoo. Mtafiti anayetaka kujua jinsi kambare wa Kigoma anavyotofautiana na wa Mpulungu lazima apate pezi la samaki wa porini, aliyevuliwa mahali panapojulikana, siku inayojulikana. Hilo halipatikani dukani Brno wala Florida.

Nchini Tanzania mtafiti wa kigeni huomba kibali kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na hutakiwa kuwa na mshirika wa ndani. Mara nyingi mshirika huyo ni mtaalamu mwenye majukumu mengine kumi, ambaye jina lake huonekana mwishoni mwa orodha ya waandishi. Kuongeza sharti kwamba kila kibali cha kukusanya vinasaba ziwani kiambatane na nafasi ya mwanafunzi mmoja wa nchi za ziwa, atakayekwenda na vipande vya mapezi hadi maabara na kurudi na matokeo, hakuhitaji mkutano wa Montreal wala mfuko wa Roma. Kunahitaji aya moja katika fomu.